Mkono wa shati umeshakunjwa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za afya ya msingi

Waheshimiwa wasimamizi,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watu wazima. Kwangu wanakuja wenye kisukari, wenye presha, wenye pumu, wazee wanaosindikizwa na wajukuu, na wale wanaoingia kufungwa kidonda tu wakaondoka. Nawaandikia ninyi mnaoamua nani afanye nini kwenye vituo vyetu, fomu iulize nini na ripoti ya mwezi ihesabu nini. Jambo ninalowaomba, yaani chanjo kwa watu wazima, siwezi kulifanya peke yangu, na si haki kumwachia mgonjwa alitatue. Liko mezani kwenu.

Nianze na mama anayetufanyia usafi. Asubuhi moja alikuwa anakusanya mifuko ya taka, akahisi kitu kimemchoma kiganjani, chini ya kidole gumba. Ilikuwa sindano iliyotumika, ambayo mahali pake ni ndani ya kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, lakini mtu alikuwa ameitupa kwenye mfuko wa kawaida. Alikuja kwangu ameushika mkono mmoja kwa mwingine, glovu imetoboka, na tone la damu lililotoka halikuzidi punje ya mtama. Tukaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kisha nikamuuliza, "Mama, umewahi kuchanjwa homa ya ini?" Akanitazama. "Sista, chanjo si za watoto?"

Alikuwa amefanya kazi kwenye kituo kile kwa miaka 9. Kila siku anashika taka zenye damu za watu asiowajua. Katika miaka hiyo yote alipimwa presha mara kadhaa, alitibiwa kifua, alikuja na mgongo. Aliingia kwenye vyumba vyetu kama mgonjwa na kama mfanyakazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza swali lile. Mimi nikiwemo.

Kwa mtu ambaye hajachanjwa, akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ile. Chanjo ya ugonjwa huo imekuwepo tangu miaka ya themanini. Na siku ile ilikuwepo hata kwetu, kwenye jokofu, mlango wa tatu kutoka tulipokuwa tumesimama. Nilipoifuata, mwenzangu wa chumba cha chanjo alisita. "Hiki kichupa ni cha dozi 10. Nikikifungua kwa ajili ya mtu mmoja, hizo 9 nitazitolea maelezo gani?"

Simlaumu hata kidogo. Amefundishwa kwa chanjo ya surua, ambayo ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6, au kipindi cha kuchanja kikiisha kabla ya hapo. Amezoea kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa, na hajawahi kuulizwa kuhusu mtu mzima aliyeondoka bila kuchanjwa. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu vichupa vya dozi nyingi unatofautisha. Chanjo za maji zenye dawa ya kuhifadhi, kama ile ya homa ya ini B na ile ya pepopunda, zikiwa zimeidhinishwa kutumika hivyo, zinaweza kuendelea kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa. Masharti ni kwamba zikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, muda wake usiwe umepita, zisiwe zimeganda, na ile alama ya duara kwenye kichupa, inayobadilika rangi chanjo ikipata joto, iwe bado inaonyesha mraba wa ndani mweupe kuliko duara lenyewe. Siku 28! Katika siku 28 ningewapata hao watu 9 bila kutoka nje ya geti la kituo. Ningeanza na wafamasia, watu wa maabara, mlinzi na dereva.

Mama alichomwa dozi yake ya kwanza siku hiyo hiyo, baada ya simu mbili na saa karibu nne. Ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Vipimo vyake vilitoka salama. Nashukuru, lakini shukrani haiondoi ile miaka 9.

Katika historia ya chanjo kuna mtu ninayemkumbuka kila nikimwona mama huyu. Mwezi Oktoba mwaka 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ugonjwa huo kwa maambukizi ya kawaida. Kazi yake ilikuwa mpishi wa hospitali. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili awaonyeshe njia, safari ya dakika chache tu, na ikatosha. Dunia ilikuwa imesaka ndui kijiji kwa kijiji kwa miaka, na mtu wa mwisho akapatikana ndani ya hospitali yenyewe, akiwa mtu mzima mwenye kazi pale pale, asiye na kinga. Baadaye alieleza kwamba aliiogopa sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni za chanjo ya polio, akiwasimulia watu kisa chake ili wasiogope kama alivyoogopa yeye. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Kwa nini mtu mzima anatupita hivi? Nimelifikiria sana, na sidhani ni uzembe wa mtu mmoja mmoja. Mpango wa chanjo tulioupokea ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1974 kwa magonjwa 6: kifua kikuu, dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio na surua. Ulijengwa kwa ajili ya mtoto, na ukajengwa vizuri. Mtoto ana kadi. Ana tarehe ya kurudi. Ana rejista yenye jina lake, na kuna mtu anayeulizwa mwisho wa mwezi ni watoto wangapi hawakurudi. Mtu mzima hana hata kimoja kati ya hivyo. Faili lake lina sehemu ya uzito, presha, sukari, dawa anazotumia, na tarehe ya kuja tena kuchukua dawa. Chanjo haina mstari. Na kwenye kituo chenye foleni, kitu kisicho na mstari hakifanyiki, hata wafanyakazi wawe na moyo kiasi gani.

Mkitaka ushahidi kwamba tatizo ni mstari, tazameni kliniki ya wajawazito. Mle ndani tunachanja watu wazima kila siku. Mama anakuja, muuguzi anafungua kadi, anaona nafasi ya sindano ya pepopunda, anauliza, anachoma, anaandika. Hakuna mkutano, hakuna hotuba, hakuna anayesema watu wazima hawapendi chanjo. Wanawake wamekubali kwa mamilioni, na watoto wachanga wengi mno wameokolewa na pepopunda kwa sababu hiyo. Akishajifungua, ule mstari unapotea maishani mwake. Anarudi kwetu miaka 20 baadaye na kisukari, na hatumuulizi tena. Wanaume ndio hawakuwahi kuwa na kliniki ya namna hiyo kabisa. Mwanaume wa kawaida ataisikia sindano ya pepopunda siku amekanyaga msumari, na kinga kamili haijengeki kwa dozi moja ya siku ya msumari.

Kuna wanaosema watu wazima hawazitaki. Wapo wasiozitaki, nimekutana nao, nitawazungumzia. Lakini niliowaona wengi zaidi ni wale ambao hawakuulizwa. Mwaka 2021, chanjo za korona zilipoanza kuenea, watu wazima walipanga foleni, rejista zikafunguliwa na ujumbe wa simu ukatumwa kuwakumbusha dozi ya pili. Tulijifunza kazi hiyo kwa haraka na kwa gharama kubwa. Kisha meza zikakunjwa, na ule ujuzi ukarudi nyumbani na watu waliokuwa wameajiriwa kwa muda.

Mahitaji hayajaondoka. Homa ya mafua hubadilika kila mwaka, ndiyo maana wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za virusi vitakavyowekwa kwenye chanjo, na ndiyo maana sindano ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Ipo chanjo ya nimonia kwa wazee na kwa wenye maradhi ya moyo, mapafu, figo na kisukari. Ipo ya mkanda wa jeshi, ugonjwa ambao yeyote aliyemuuguza mzee mwenye maumivu yake hatauita upele tu. Kila nchi ina orodha yake, na si kila kituo kina kila chanjo, hilo nalijua. Lakini hata zile chache zilizomo kwenye majokofu yetu leo hatuwapi wanaostahili. Na faida inazidi ile tunayoidhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia wagonjwa, wengi wao wakiwa wametoka tu kupata shambulio la moyo. Waliochanjwa homa ya mafua wakiwa bado hospitalini walikuwa na vifo na mashambulio mapya machache zaidi katika mwaka uliofuata kuliko waliodungwa maji ya chumvi yasiyo na chanjo: 5.3 kwa kila 100 dhidi ya 7.2. Mgonjwa wangu wa moyo namwandikia vidonge vinne. Sindano hii simtajii.

Sasa ombi langu.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni idhini. Leo hii nikimwona mzee wa miaka 70 mwenye kisukari anayestahili chanjo, siruhusiwi kumchanja mpaka daktari aandike. Daktari ana watu 40 nje ya mlango. Mzee anarudi kwenye benchi. Zamu yake inafika, daktari anahangaika na sukari iliyopanda na mguu unaokufa ganzi, chanjo inasahaulika. Au haisahauliki, anaiandika, na chumba cha chanjo kimeshafungwa. "Njoo kesho, baba." Kesho haji, kwa sababu ametoka mbali na magoti yanamuuma. Nimeliona hili mara nyingi mpaka naweza kutabiri nani hatarudi.

Na huyu muuguzi asiyeruhusiwa kumchanja mzee bila saini, ndiye yule yule aliyechanja watoto 30 asubuhi hiyo bila kumwita daktari hata mara moja. Hakuhitaji, kwa sababu ratiba ya watoto imeshaidhinishwa kwa maandishi kwa wote kwa pamoja. Tunaomba idhini ya namna hiyo kwa watu wazima. Daktari mkuu asaini mara moja waraka unaosema nani anastahili chanjo gani, kwa umri gani na kwa ugonjwa gani. Maswali yapi yaulizwe kwanza kuhusu mzio, ujauzito na upungufu wa kinga. Nani asichanjwe bali apelekwe kwa daktari. Na nini kifanyike mtu akipata mzio mkali. Baada ya hapo, muuguzi aliyefundishwa afanye kazi yake. Vituo vilivyofanya hivi katika nchi mbalimbali vimepandisha viwango vyao vya chanjo, na wala haishangazi.

La pili ni mahali pa kuuliza. Naomba msitutengenezee kliniki mpya ya chanjo ya watu wazima yenye siku yake. Itakuwa siku nyingine ambayo mzee anatakiwa kutoka nyumbani. Mgonjwa wa presha anakaa ametulia dakika 5 kabla ya kupimwa, na wakati wa kupimwa hatakiwi kuongea. Lakini nikishamaliza, nikiwa naufungua mkanda wa kupimia, mkono wake bado uko juu ya meza na mkono wa shati umeshakunjwa hadi karibu na bega. Hapo ndipo pa kuuliza. Nina faili mbele yangu, nina mtu mbele yangu, na mkono uko wazi. Kinachokosekana ni mstari kwenye karatasi, idhini, na boksi la baridi pembeni mwa meza.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Zamani nilikuwa nasema, "Unataka kuchanjwa?" kwa sauti ya mtu anayetaraji kukataliwa. Watu wakasema hapana, au wakasema wataenda kufikiria. Siku hizi nasema, "Baba, kwa umri wako na hii sukari, leo umefikia kuchanjwa nimonia. Ninakushauri uchanjwe leo, na mimi mwenyewe ndiye nitakayekuchoma. Una swali lolote?" Wengi wanasema sawa. Wenye maswali wanauliza, na maswali yao ni ya maana: itanipa homa? inapatana na dawa zangu? kwa nini sikuambiwa miaka yote hii? Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi kulijibu. Na anayekataa namwandika kuwa amekataa kwa leo, namheshimu, na namuuliza tena atakaporudi. Nikimkaripia nitampoteza kwa chanjo na kwa kisukari pia. Maalin naye aliogopa sindano, na hatimaye akawa mtu wa kuwatoa wengine hofu.

La tatu ni kumbukumbu, hapa nitakuwa mfupi. Mtu mzima apewe kadi, na kituo kibaki na rejista. Chanjo ya homa ya ini ina dozi 3 na ya mkanda wa jeshi ina 2. Bila tarehe iliyoandikwa na mtu wa kufuatilia, tutakuwa tunaanzisha watu bila kuwamaliza. Ujumbe wa simu au kupiga simu kunasaidia kweli. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2018 yalionyesha kwamba kuwakumbusha watu huongeza wanaochanjwa kwa takriban 8 katika kila 100. Nane si wengi? Hesabuni wagonjwa wote wa kisukari na presha walioandikishwa kwenye vituo vyenu, kisha mtafute 8 kwa kila 100.

Na mtuonyeshe namba zetu. Kila mwezi najua watoto wangapi wamekamilisha chanjo ya surua kwenye eneo letu. Sijawahi, hata mwezi mmoja, kuambiwa wagonjwa wangapi wa kliniki yangu wana kinga ya chochote. Si kwa ajili ya kuadhibiwa. Ni kwa sababu sisi nasi tunapenda kuona kazi inasogea.

Najua mtajibu kwamba wafanyakazi ni wachache na bajeti ni finyu. Ni kweli, ninaishi ndani ya uchache huo. Pale ambapo chanjo hazipo kabisa, barua hii haiwezi kuzileta, na mapambano ya kuzipata ni yenu na tutayaunga mkono. Lakini idhini ni karatasi moja. Mstari kwenye faili ni wino. Kutufundisha ile kanuni ya siku 28 ni mchana mmoja. Na kuwachanja wafanyakazi wote wa kituo, kuanzia daktari hadi anayebeba taka, hakuhitaji kumtafuta mtu yeyote, kwa sababu majina yao yote mnayo kwenye orodha ya mishahara. Ningependa muanze na hilo, na muanze mwezi huu.

Mkija kutukagua, huwa mnaanza na jokofu. Mnaangalia kipimajoto na chati ya asubuhi na jioni, mnahesabu vichupa. Ni vizuri, endeleeni. Safari hii, mkimaliza jokofu, naomba mje kwenye kabati langu la mafaili ya watu wazima. Chomoeni 10 bila kuchagua, mfungue ukurasa kwa ukurasa, mtafute mahali popote palipoandikwa neno chanjo. Kisha mkitoka, mtamkuta yule mama koridoni na ndoo yake. Muulizeni. Atatoa kadi kwenye mfuko wa koti lake la kazi, ina tarehe tatu kwa mwandiko wangu, na anapenda kuionyesha.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, kliniki ya watu wazima